Jina Refu la Ugonjwa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo inanipandisha hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Iringa, miaka ya hamsini, Mwingereza angali anatawala. Nilikuwa msichana kutoka Mbeya, najifunza uuguzi. Majina ya magonjwa kwa Kiingereza yalitutoa jasho, hadi mwalimu alipotufundisha kuyakata vipingili kama muwa. Osteomyelitis: osteo ni mfupa, myel ni uboho, itis ni uvimbe. Jioni nzima nikalitamka: os-ti-o-ma-ye-lai-tis. Lilipotoka bila kukwama, weee, nilijiona daktari!

Kesho yake mama mmoja wa Kihesa alinishika mkono wodini. Binti yake alikuwa amelazwa, mguu umevimba, anachomwa sindano.

"Kamwene, dada," alinisalimu kwa Kihehe. "Mwanangu anaumwa nini?"

Nami, mjinga mkubwa, nikamtolea jina zima kwa madaha, nikaenda zangu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ulikuwa wangu niliyeulizwa. Mfupa, uboho, uvimbe, vyote nilivijua, nisimpe hata kimoja!

Saa saba mchana kitanda kilikuwa kitupu. Mama aliwaambia wagonjwa wenzake kuwa ugonjwa wenye jina refu vile hauna dawa, bora binti akafie kwao.

Mzee Kalinga, dresa, yaani mfunga vidonda, wa siku nyingi ambaye jina lile lilimshinda kabisa, alinikaripia mbele ya wodi nzima. "Kizungu chako kimemponya nani? Twende ukamtafute!"

Tulimpata binti siku ya nne, kwa shangazi yake, anaweweseka kwa homa. Mzee akamwambia mama, "Mfupa umeingia usaha. Dawa ipo. Mrudishe." Maneno sita tu! Mama alilia, akambeba. Binti aliishi, lakini mguu ulikatwa.

Sasa juzi nakusikia wewe, na koti lako jeupe, unamtupia mzee wa watu majina yale yale, naye anaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa woga. Hivi huoni haya?

Yakate majina hayo, yatamke sawasawa mbele ya madaktari wenzako, sikukatazi. Ila kwa mgonjwa, sema panapouma, kilichopaumiza na dawa iliyopo, kisha umwache akueleze alivyoelewa. Usiondoke kabla hajakueleza.

Mungu akulainishie ulimi, mwanangu, na asikuonyeshe kitanda kitupu kama kile.