Sababu ya Kuomba Sauti

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja pale Mukendo, hawa wanaokusanya mazungumzo ya watu ili lugha zetu zichunguzwe na kufundishwa. Mbele yangu dirishani alisimama mama kutoka Bugwema. Mwaka jana mumewe alikaa siku mbili mbele ya kinasa sauti chao, akawamwagia hadithi zote za Kijita alizokuwa nazo. Wakamshukuru kwa soda na mche wa sabuni. Sasa mzee amefariki, na mama alitaka kumsikia.

"Yupo kwenye mkusanyo, mama," dada wa dirishani alisema bila kuinua macho.

"Basi nifungulie, mwanangu. Alikuwaga anacheka mwenyewe kabla hajamaliza hadithi. Nataka hapo."

"Vicheko tulivikata, mama. Havina maneno."

Mama alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Basi hata hayo maneno."

Dada akamsogezea fomu. "Sababu ya kuomba ni kufundisha, kamusi au utafiti?"

"Andika nimemkumbuka."

"Hiyo haipo, mama."

Ndugu zangu, miaka yote nawauzia watu vicheko jukwaani, kumbe kuna ofisi inavitupa! Wanasema wanaiokoa lugha isife. Sawa, hongera zao. Ila mtu pekee niliyemwona akifunga safari kuja kuisikiliza, aliambiwa arudi na barua ya chuo kikuu.