Walikata Msitu Wapande Miti

Mama mdogo wangu analima huko Wamaza, kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi ya kijiji. Tangu mumewe afariki alikuwa ameiacha nusu ya shamba ipumzike, na msitu ukaanza kurudi wenyewe: miti yenye unene wa paja, uyoga wakati wa mvua, ndege wengi.

Siku moja alinipigia simu dukani kwangu Kasongo, sauti imejaa furaha. Kuna mradi umekuja kupanda miti eneo lote, ili kupunguza joto la dunia. "Mimi nimeomba avoka na michungwa," akasema. "Wameandika."

Nami nilifurahi. Mvua zetu zimeharibika. Msimu uliotangulia ziliozesha karanga zake kabla hajazing'oa. Nikapanda pikipiki kwenda kushuhudia uzinduzi.

Nilisikia mashine kabla sijaona kijiji. Vijana walikuwa wanaangusha ule msitu mchanga juu ya chemchemi. Mama mdogo alikuwa amesimama kando, mikono kichwani. Aliambiwa kwamba mahali pa kupanda lazima pawe peupe.

Kesho yake wakubwa walikuja, wakavaa fulana mpya juu ya mashati yao, wakahutubia. Kila mmoja akachomeka mche mmoja ardhini, akapigwa picha, akanawa mikono kwa maji ya chupa. Hakukuwa na avoka wala mchungwa. Ilikuwa mikalitusi mitupu. Walipoondoka, vifuko vyeusi vya miche vilibaki vimetapakaa kama mavi ya mbuzi, na mama mdogo akainama kuviokota.

Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, mteremko ule mtupu uliporomoka. Tope jekundu liliingia chemchemini likaikaba. Wanawake walichimba wakachoka. Maji yalitoka kidogo, mazito, yananuka. Watoto wakaanza kuharisha. Niliporudi kumletea mama mdogo dawa, nilimkuta akichuja maji kwa kitambaa nilichomletea sikukuu ya Idi, na kitambaa kimekuwa rangi ya kutu.

Ndipo agronomu wa mradi, bwana shamba wao, akafika kukagua miche. Alikuwa kijana mpole, mwenye salamu nzuri. Mama mdogo akamkaribisha kiti, akamletea kikombe cha yale maji.

"Kunywa, baba."

Akakitazama kikombe, akakiweka chini taratibu. "Asante, mama. Niko nafunga."

Hatukuwa katika mwezi wa kufunga, na hakuwa Mwislamu.

"Miti ikikomaa, itashika udongo," akaongeza. "Muvumilie kidogo."

Nikamuuliza, "Na ile mulikata, haikukuwa inashika udongo?"

Akanitazama, kisha akateremsha sauti, kama mtu anayemshauri ndugu yake. "Ndugu yangu, ile ya kujiotea yenyewe haihesabiwe. Kule inakotoka feza, wanahesabu tu ile tulipanda sisi."

Alisema hivyo bila haya, na bila ubaya. Nadhani hilo ndilo lililonichafua moyo zaidi. Nikatoka uani, nikatema mate. Niliporudi alikuwa amekwisha kupiga picha ya miche michache iliyopona, ameinama sana ili mteremko usionekane.

Mama mdogo hakumtukana. Alikichukua kikombe, akamwaga maji mlangoni, akasema, "Baba, usirudi tena kwangu." Akaingia ndani.

Hakurudi kweli. Nasikia mradi umehamia upande wa Lusangi, na redio inausifu. Mama mdogo sasa anateka maji kwenye kijito cha mbali, ng'ambo ya kilima, na magoti yake hayataki tena kile kilima. Nilimwomba aje aishi nasi Kasongo, akakataa.

Redio ikianza kusifu miti, mke wangu huizima kabla sijasema neno. Amechoka kusikia matusi yangu mezani.