Saba Hatajwi kwa Cucu

Maganda ya nanasi yakichacha juani hutoa harufu tamu yenye ukali ndani yake, na hiyo ndiyo harufu ya likizo zangu zote kwa Cucu, mama yake mama yangu, kule Thika. Maganda yalikuwa ya nguruwe. Cucu aliwapenda nguruwe wake lakini hakuwahesabu, maana kwa wazee wetu kilichohesabiwa huanza kupungua. Mwenye watoto kumi husema ana tisa waliojaa. Na saba hakumtaja kabisa, kwa kuwa ni mkosi. Akilazimika alisema "sita na moja", tena kwa sauti ya chini.

Likizo moja mwalimu wangu wa Ruiru alinipa namba ya kwenda kuieleza kwenye mashindano ya hesabu Juja: 142857. Nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka Krismasi, na wa kunipeleka alikuwa Cucu. Basi nikamfanyia onyesho uani, nikiandika udongoni kwa kijiti. Mara mbili, 285714. Mara tatu, 428571. Nikamwonyesha kwa fahari kwamba tarakimu ni zile zile, zimebadilishana viti tu kama wageni harusini. Cucu hakuona maajabu yoyote. Alimwona saba.

"Na huyo je?" akauliza, akimnyooshea mwiko.

"Ni wa hiyo namba, Cucu."

"Mtoe. Mimi siendi Juja na huyo."

Nikazidisha kwa nne, kwa tano, kwa sita. Saba akahama, akakaa mbele, akarudi katikati, lakini hakutoka.

"Basi huendi, Wambui," Cucu akasema, akarudi kwa nguruwe wake.

Nililia hadi kamasi zikanishinda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini niliona heri nifike Juja nikichechemea. Nikazidisha kwa saba, kimyakimya.

999999.

"Cucu, ametoka."

Akaja, akainama, akasoma polepole. "Tisa," akasema. "Tisa tupu. Zimejaa." Kisha akanikazia macho. "Nani amemtoa?"

"Sita na moja."

Aliuangalia udongo tena. "Kapige viatu vyangu rangi," akasema.

Huko Juja nilikuwa wa saba. Cucu aliwatangazia majirani kwamba nimekuwa wa sita, na mmoja.

Leo ninafundisha hesabu Ruiru. Wanafunzi wangu hubonyeza simu, zile tisa zikajitokeza kabla sijamaliza swali, na hakuna anayeshtuka. Ninawaonea huruma kidogo. Mwaka jana tulimzika Cucu, na mchungaji akasoma kwamba marehemu ameacha watoto saba. Kabla sijajizuia, nikamsahihisha kwa sauti mbele ya waombolezaji wote: "Sita na mmoja." Mama yangu, ambaye ndiye kitinda mimba, alicheka huku akilia, akanishika mkono, na hakuuachilia hadi kaburi likajaa.