Kiti cha Mbele cha Ribuh

Watu wa Bario husema Ribuh analigusa gari lake kuliko anavyomgusa mkewe, na mkewe Supang ndiye wa kwanza kulisema. Kila asubuhi, kabla ya chai, mzee huyo hufungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa shati lake na kukitumbukiza tena. Huvuta mkanda wa feni kwa vidole viwili. Hujilaza chini kwenye tope akatikisa kila gurudumu. Na safari ikianza, kila baada ya saa moja husimama, akashuka na kuweka mgongo wa kiganja kwenye kitovu cha kila gurudumu, kama mama anayempima mtoto homa. Kikiwa vuguvugu, salama. Kikichoma, kuna jambo.

"Gari halifi ghafla," huwaambia abiria wanaonung'unika. "Huugua kwanza. Binadamu ndiye hana adabu hiyo."

Abiria waliona ni ufundi, na ulikuwa ufundi kweli. Kutoka Miri, huko pwani, hadi Bario juu milimani ni saa kumi na nne za udongo mwekundu na madaraja ya magogo. Gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne halifiki hata nusu, na linalovuta kwa yote manne likikatika ekseli katikati, utalala na ruba mpaka apite mwingine. Lakini mguso ule ulikuwa na sababu ya pili, ambayo Supang peke yake aliijua. Ribuh alikuwa hasikii.

Miaka kumi na tisa ya kuendesha tingatinga la kampuni ya mbao ilimla masikio kidogo kidogo. Mngurumo wa injini aliupata kwa makalio, hakuhitaji sikio. Ule mlio mwembamba, wa chuma kinacholilia grisi, ndio uliokuwa haumfikii tena. Kwa hiyo Supang alipanda naye kila safari, kiti cha mbele, akawa masikio yake. Akisikia mlio upande wa kulia, alimgonga goti mara moja. Kushoto, mara mbili. Akimfinya, simama sasa hivi. Abiria wa nyuma waliona mkono wa bibi juu ya goti la bwana wakakonyezana. Wazee hawa bado wamo! Na kweli walikuwemo, tusiwasingizie.

Ribuh alificha kwa sababu moja tu: nani atampandisha mwanawe kwenye gari la kiziwi? Na bila gari, Ribuh ni nani? Ndiye aliyeteremsha mchele wa watu mjini na kuwapandishia gesi, unga, saruji na maharusi. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," Supang alimkumbusha. Yeye alijifanya hajasikia, na hapo hata Supang hakujua kama anajifanya.

Basi binti yao Rinai, mwalimu huko Miri, akajifungua mtoto wa kike, mjukuu wao wa kwanza. Mjukuu wa kwanza akizaliwa, babu na bibi hawabaki na majina yao ya zamani. Hupewa mapya mbele ya watu wote, siku ya karamu. Karamu ikapangwa Jumamosi, huko Bario. Supang akatangulia kwa ndege wiki nzima kupika, na mkwe wao akaenda naye kuchinja nguruwe. Ribuh akabaki Miri kupakia sukari na soda. Rinai na mtoto, wa miezi mitatu, wangepanda kwa ndege ndogo siku ya Jumatano.

"Barabara yangu ina nini?" Ribuh alimuuliza bintiye.

"Haina kitu, baba. Ni mtoto tu, bado mdogo."

Alilisema hilo akiangalia pembeni. Kwa muda mrefu alikuwa akimwona baba yake anacheka wa mwisho watu wakitaniana, anaitwa mara tatu hageuki. Alidhani ni uzee tu na uchovu, naye hakutaka mwanawe aendeshwe na mzee aliyechoka. Ribuh aliuona uso ule, na ulimuuma kuliko maneno.

Jumatano wingu likakaa juu ya milima, ndege haikuruka. Alhamisi vilevile. Na karamu ya majina bila mtoto ni karamu ya nguruwe tu. Ijumaa alfajiri Rinai akafunga virago, akamfunga mwanawe kifuani kwa kitambaa, akapanda kiti cha mbele. Ribuh alifurahi, akamfungia mlango kwa mkono wake. Kisha akakumbuka kwamba Supang hayupo. Hapo ndipo alipopaswa kusema, naye akawasha gari.

Alijaribu kufidia kwa mikono. Badala ya kila saa, akawa anasimama kila nusu saa.

"Baba, gari hili lina kisukari?" Rinai aliuliza. "Mbona kila tukikaa kidogo linataka kushuka?"

"Nalisalimia tu."

"Tangu asubuhi mmesalimiana mara kumi na mbili. Hamjamaliza habari za nyumbani?"

Ribuh, aliyesoma maneno hayo midomoni mwa bintiye, aliona aibu. Akaamua atakwenda saa nzima bila kusimama, binti asije akamwona babaye anatetereka. Lo, aibu! Imeua wengi kuliko mito.

Walipoipita kambi ya mbao, gurudumu la mbele kushoto likaanza kuimba. Rinai alilisikia vizuri, lilikuwa chini ya miguu yake. Mlio mwembamba, ukipanda gari likiongeza mwendo. Akamtazama baba yake: ametulia, macho barabarani. Akajiambia huyu ndiye mtu anayesikia nati ikilegea akiwa usingizini, akinyamaza basi hakuna kitu. Isitoshe mtoto hamfundishi baba yake kazi aliyomlea nayo. Akanyamaza. Ribuh akageuka, akaona uso wa binti umekunjamana, akadhani safari imemchosha na anataka kufika. Akakanyaga mafuta zaidi.

Walisimama juu ya kilima kwa sababu mtoto alihitaji kubadilishwa nepi. Chini yao barabara ilishuka kwa kujipinda, bonde upande mmoja, hadi daraja la magogo mawili juu ya mto mwekundu. Ribuh akazunguka kusalimia. La kwanza vuguvugu. La pili, la tatu, vuguvugu. La nne alipoligusa alirusha mkono, na ngozi ikabaki kwenye chuma.

Alisimama akiangalia lile daraja. Kisha akamgeukia binti yake.

"Limekuwa likilia?"

"Tangu kambi ya mbao."

"Saa nzima! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe, baba? Si unasikia mwenyewe?"

Ribuh akakaa chini papo hapo, kwenye tope. "Sisikii, mwanangu."

Rinai alidhani amekosea kuelewa. Akachutama mbele yake. "Tangu lini?"

"Ndege wa porini walinyamaza ulipokuwa kidato cha pili. Nikadhani wamehama, tumewakatia miti. Kisha birika. Sauti yako nilibaki nayo mpaka mwaka ulioolewa." Akamwonyesha mtoto kwa kidevu. "Ya huyu sijawahi kuisikia hata siku moja."

Rinai alilia, na hasira ilikuwa nyingi kuliko huruma. "Kwa hiyo ungetutumbukiza mtoni kwa sababu ya aibu?"

"Ndiyo," alisema Ribuh. "Ningewatumbukiza." Naye akalia, bila kujificha.

Wakikaa walie, giza lingewakuta pale. Ribuh akainuka. Akatoa ubao na kuuweka chini ya jeki isizame. Chini ya kiti akachomoa beringi mpya ya gurudumu, aliyoitunza miaka miwili ikiwa imeviringishwa kwenye fulana yake ya harusini, na grisi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akafungua gurudumu, akagonga, akachomoa beringi ya zamani. Vyuma vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya buluu kwa moto. Rinai aliviangalia, akambana mwanawe.

Mtoto akaanza kulia. Mikono ya babu ilikuwa ya grisi mpaka viwikoni, kwa hiyo Rinai akamlaza juu ya kifua cha mzee, akamshikilia kwa nyuma. Ribuh akaacha spana. Akatulia kabisa.

"Ana sauti nzito," alisema.

"Nyembamba, baba. Kama filimbi."

"Huku kifuani ni nzito."

Beringi mpya ilipoingia, alilizungusha gurudumu kwa mkono. "Sikiliza. Likisaga kama mchanga, sema."

"Kimya."

"Kimya kabisa?"

"Kimya kabisa, baba."

Akamwamini, akafunga nati. Ndani ya gari akamweleza: mara moja kulia, mbili kushoto, ukifinya nasimama. Rinai akakodoa macho. "Kumbe ndiyo hiyo mikono ya mama! Nasi miaka yote tunadhani ni mahaba."

"Hayo pia," alisema Ribuh, akawasha gari. Walivuka daraja polepole, mkono wa binti gotini kwake.

Kesho yake, katika ukumbi uliojaa moshi wa nguruwe na watu wa mabonde yote, mchungaji akatangaza jina jipya la Ribuh, alilochagua na Supang tangu mtoto alipozaliwa: Pun Dalan, mzee wa njia. Watu wakashangilia. Mwenye jina jipya husimama akashukuru. Alisimama, lakini hakushukuru.

"Mimi ni kiziwi," alisema, kwa sauti kubwa mno kama kawaida yake. "Jana karibu nimuue mjukuu wangu kwa kuwaficha. Asiyetaka kupanda tena gari langu, simlaumu."

Ukumbi ulinyamaza, na kimya hicho alikiona kwenye nyuso. Akajua gari lake limekufa.

Ndipo akainuka jirani yake Maran, mkulima wa mpunga, mwenye mdomo mrefu kuliko shamba lake. "Miaka sita nikikupigia kelele unishushe shambani, unanipeleka mpaka mtoni, tena unanipungia mkono! Nikawa nakuchukia, nikidhani una kiburi. Kumbe!" Watu wakaangua kicheko. Ribuh alicheka wa mwisho, Supang alipomrudia maneno hayo uso kwa uso, na alicheka huku machozi yakimtiririka.

Jumatatu mbingu ilikuwa safi, na ndege ndogo ilikuwa uwanjani tangu asubuhi. Tiketi ya Rinai ya kurudi Miri bado ilikuwa halali. Ribuh akapima oili, akavuta mkanda, akatikisa magurudumu, akitarajia kushusha magunia ya mchele tu. Alipoinuka alikuta watu sita nyuma na Maran amekaa kiti cha mbele, mikono gotini, kama mtu aliyepewa cheo.

"Shuka hapo, mzee Maran," sauti ya Rinai ilisema. "Hapo pana mwenyewe."

"Masikio yangu hayana kasoro!"

"Ya kwako hufanya kazi mdomo ukifungwa. Nenda nyuma."

Maran akashuka akilalamika. Rinai akapanda na mwanawe kifuani, mumewe akajibana katikati ya magunia, na Supang akabaki mlangoni mwa nyumba akipunga mkono. Ribuh akawasha gari. Mara abiria wote wakainua nyuso juu, yeye peke yake macho yalikuwa mbele. Rinai akamgonga goti, mara moja, mara mbili, mara ya tatu.

"Upande gani?" aliuliza, mguu tayari kwenye breki.

"Juu, baba. Ile ndege yetu inaondoka."

Ribuh aliitazama mpaka ikaingia nyuma ya mlima. Kisha akatia gia.