Wiki Moja ya Jeshi Niliyomnyima Mwanangu

Jumapili moja ya Februari, baada ya kanisa, wazee watatu waliketi sebuleni kwangu Malvern, mtaa wa Toronto, wakanywa chai ya maziwa na kula chapati za mke wangu, kisha wakaamua kwamba mwanangu asiende jeshini. Ilikuwa wiki moja tu ya wanafunzi, mafunzo ya kazi kwa vitendo ambayo shule yake iliyapanga kwa likizo fupi ya Machi. Mzee mwenyekiti wa chama chetu alinigeukia akasema, "Baba mtoto, umetusikia." Nyumba ilikuwa yangu, mtoto alikuwa wangu, na fomu iliyosubiri saini yangu ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nikajibu, "Nimewasikia wazee wangu, nashukuru." Ningeweza kuukataa uamuzi ule kwa neno moja. Sikuukataa kwa sababu mimi ndiye niliyeutengeneza.

Kijana alikuwa na miaka kumi na sita. Darasani kwao walichaguliwa wanne, naye akiwa mmoja wao. Wangekaa kwenye kambi ya askari wa akiba nje ya jiji, wafanye kazi ghalani na kwenye karakana ya magari, wajifunze kutumia redio ya upepo, walale kambini na kuamka na wenzao. Barua ya shule ilieleza anavyotakiwa kujiandaa: awe anaweza kukimbia kilomita mbili bila kusimama, apimwe na daktari, anyoe nywele, aje na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, na mzazi atie saini.

Barua hiyo aliniletea mimi kwanza. Lazima niliseme hilo kabla ya mengine. Nilikuwa nimetoka kazini, nimevua viatu, natazama habari. Alisimama kando ya kochi akaanza kunieleza kwa Kiingereza, haraka haraka, na macho yanang'aa. Nikamwambia, "Weka hapo mezani, nitaiona." Akaiweka. Ilikaa chini ya bakuli la matunda siku tatu.

Jumamosi akaja shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nyumbani Tanzania alikuwa sajenti wa jeshi miaka kumi na mitano. Toronto alikuwa anashusha mizigo kwenye malori. Alikaa Mount Dennis, upande wa pili wa jiji, na kuja kwetu kulimchukua karibu saa mbili za treni na mabasi. Alikuta barua ile chini ya bakuli, akaisoma akiwa bado na koti mwilini na theluji inayeyuka kwenye mabega.

"Anko," akamwita kijana, kama walivyozoea kuitana, "hii ni yako?"

"Ndiyo."

"Kilomita mbili unaweza?"

"Sijui."

"Basi vaa viatu. Jibu lako liko huko nje."

Wakatoka. Kupitia dirisha la ghorofa ya saba niliwaona kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo, mmoja mrefu mwembamba na mmoja mfupi mpana, wanakimbia kuzunguka lundo la theluji. Kijana alisimama mara tatu akishika magoti. Kila akisimama, mjomba wake alimrusha kichura. Wazungu wawili waliokuwa wanakwangua barafu kwenye vioo vya gari waliacha kazi yao wakatazama.

"Mwache ampe mazoezi," mke wangu alisema nyuma yangu. "Mwenyewe huyo anajua mambo hayo."

Nikasema sawa. Sikusikia kitu chochote moyoni siku hiyo, isipokuwa njaa.

Majuma yaliyofuata, shemeji alikuja kila Jumamosi, na kila Jumapili asiyokuwa na zamu, na siku nyingine alasiri akitoka kazini. Alimfundisha kijana kutandika kitanda hadi shuka likose hata mkunjo mmoja. Alimfundisha kupiga pasi suruali kwa kitambaa chenye maji ili mstari wa mbele usimame. Alimfundisha mguu sawa na mguu pande katikati ya sebule, meza imesukumwa ukutani.

"Lakini huko kambini watamwamrisha kwa Kiingereza," mke wangu alisema akicheka.

"Dada, kwani magoti yana lugha? Kijana, nyuma geuka."

Kijana akageuka. Na akajibu, "Ndiyo, afande."

Alijibu kwa Kiswahili. Mwanangu huyu nilianza kumwomba anijibu kwa Kiswahili akiwa na miaka sita. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamnunia. Alinielewa kila neno na kunijibu kwa Kiingereza kila neno. Mjomba hakumwomba. Alimwamuru tu, kama mchezo, na baada ya majuma mawili mtoto alikuwa anasema "ndiyo, afande", "hapana, afande", "nimechoka, afande", kwa lafudhi yake ya kuchekesha, na wote watatu wanacheka jikoni huku mimi niko mlangoni na mkoba wa chakula cha mchana mkononi.

Alianza kuamka mwenyewe saa kumi na moja na nusu alfajiri. Miaka yote nilikuwa nagonga mlango wake hadi mkono unauma.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa viatu. Mimi nilikuwa mlinzi wa mapokezi kwenye jengo la ofisi huko Markham. Nilivaa sare kila siku: shati la buluu, tai, kofia, na viatu vyeusi nilivyovipiga kiwi kila jioni mlangoni kwangu, mbele ya macho ya watoto wangu, kwa miaka tisa. Kopo la kiwi lilikaa kwenye droo ya chini pamoja na brashi mbili. Siku moja narudi kutoka kazini, namkuta kijana amekaa chini juu ya gazeti, mjomba wake amechuchumaa pembeni, kopo langu limefunguliwa.

"Kitambaa kizungushie kidole, hivi. Tone la maji. Duara ndogo ndogo. Usikimbie, viatu havitaki haraka."

Nilisimama nikatazama. Nikasema, "Hapo kwenye ncha mimi huwa naanza na brashi."

Kijana hakuinua kichwa. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba haina shida, Anko ameshamwonyesha.

"Shemeji, karibu nawe ujifunze," yule akanitania. "Tena ukimaliza twende tukakimbie, hicho kitambi tukiache kwenye theluji."

"Kitambi hiki ni cha heshima," nikasema. "Wewe huna kwa sababu hakuna anayekupikia."

Wakacheka. Nikacheka pia. Shemeji na shemeji wana ruhusa ya kutaniana, na mimi nilijificha kwenye ruhusa hiyo. Kila siku utani wangu uliongezeka makali kidogo. Nilimwita sajenti wa malori. Nilimuuliza mbele ya kijana, kama jeshi lilikuwa zuri hivyo, mbona aliliacha akaja kubeba maboksi. Alitabasamu tu, na kijana akanitazama kwa namna ambayo nilijifanya sikuiona.

Halafu ikaja Jumamosi ya firigisi. Asiyejua mila zetu ataona ni upuuzi, na kweli ni upuuzi, lakini kwetu kuku akipikwa firigisi ni ya baba. Haijadiliwi. Mama huiweka pembeni, na hata baba akichelewa, itamsubiri. Toronto kuku anakuja amesafishwa, mara nyingi hana hata shingo, kwa hiyo mke wangu alikuwa anamnunua duka moja ambako vitu vya ndani huwekwa kwenye kifuko tumboni mwa kuku. Firigisi moja, kila Jumamosi, kwenye sahani yangu.

Siku hiyo kijana alikuwa amekimbia kilomita mbili bila kusimama kwa mara ya kwanza. Alirudi amelowa jasho kwenye baridi ile, amefurahi hadi anashindwa kukaa. Mama yake alikuwa bado jikoni. Kijana akachukua kijiko mwenyewe akaanza kupakua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaiona firigisi, akaitoa, akaiweka kwenye sahani ya mjomba wake.

"Anko, hii yako."

Shemeji alishtuka. "Aa, hapana bwana. Hii ya mwenye nyumba." Akaisukuma sahani kuelekea kwangu.

"Kula tu shemeji," nikasema. "Mimi leo tumbo halitaki."

Hadi leo sijui kama mtoto alijua alichofanya. Nadhani hakujua, alizaliwa hapa hapa, aliona ni kipande kizuri akampa mtu aliyemsaidia. Lakini usiku huo, Jumapili nzima na Jumatatu kazini sikufikiri kitu kingine. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na tano, nimekaa kwenye dawati la mapokezi Markham, nasalimia watu wenye kompyuta mikononi, na kichwani kwangu kuna kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba.

Jumatatu jioni nilikwenda kwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, mzee tuliyemheshimu wote, aliyekaa vituo vitatu kutoka kwetu. Miaka ile askari wa Kanada walikuwa wanakufa Afghanistan, na kwenye televisheni tuliona magari ya majeneza yakipita barabara kuu, watu wamejipanga juu ya madaraja na bendera. Nilimwambia mzee kwamba nina hofu.

"Lakini umesema ni mambo ya shule," alisema.

"Ndivyo wanavyoanza, mzee. Leo ghalani, kesho wanamshawishi."

"Na mama yake?"

"Mama yake anamsikiliza mdogo wake."

"Kama ni mtoto wako, mwambie mwenyewe."

"Nikisema mimi ataniona mbaya. Wazee mkisema, ataelewa."

Nilitumia majeneza ya watoto wa watu wengine kufunika wivu wangu. Mzee alikuwa mtu wa huruma, akaniamini, akawaita wazee wengine wawili. Siku ya kikao niliichagua mimi. Nilichagua Jumapili ambayo nilijua shemeji ana zamu.

Kikao kilikwenda nilivyokitaka. Wazee walizungumza kwa zamu, polepole, kuhusu mtoto wa kwanza wa kiume, kuhusu damu, kuhusu wazazi waliovuka bahari ili watoto wasome. Kijana alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi, mstari umesimama, kwa sababu alidhani wazee wamekuja kumpa baraka. Hilo mke wangu aliniambia baadaye.

Nilipokwisha kusema nashukuru, kijana aliinua mkono kama yuko darasani. Mzee akamruhusu.

Akanitazama mimi. Akasema kwa Kiswahili, akitafuta maneno, "Baba, hawa wamesema. Wewe unasema nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza jambo lake kwa lugha yangu. Mke wangu alisimama jikoni na birika mkononi. Ningeweza kusema niende nikafikiri, au hata kwamba tutazungumza usiku; fomu ilitakiwa kurudishwa kesho yake saa mbili asubuhi na bado kulikuwa na muda.

"Wazee wameshasema," nikamjibu.

Akasema, "Sawa, Baba." Akaamka akachukua vikombe vitupu, akavipeleka jikoni, akaingia chumbani kwake. Hakugonga mlango. Nafasi yake alipewa mwanafunzi mwingine.

Shemeji alinipigia simu Jumatano. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimejiandaa kuyajibu.

"Shemeji," alisema, "kama ulikuwa hutaki nije, ungeniambia. Ningeacha kuja mimi. Mtoto angekwenda."

Nikamwambia ni mambo ya wazee. Akasema, "Haya, usiku mwema," na ilikuwa mchana.

Mke wangu alisubiri hadi tumebaki wawili. "Ulimwonea mdogo wangu wivu," alisema, bila kupandisha sauti. Nilikana. Nilikana kwa miaka mingi, hata yeye alipoacha kuuliza.

Kijana hakunikosea adabu hata siku moja. Alinisalimia, alinibebea mifuko, alinifutia theluji kwenye gari. Ila hakuwahi tena kuniuliza kitu. Mambo ya chuo alizungumza na mama yake. Alipotimiza miaka kumi na minane hakuhitaji saini ya mtu, akajiunga na jeshi mwenyewe, jeshi la kweli, si la wiki moja. Nililijua jambo hilo Mount Dennis, nilipokwenda kumjulia hali shemeji aliyekuwa na homa ya mapafu, nikaona picha ya mwanangu akiwa na sare kwenye mlango wa friji. Ilikuwa na miezi minne pale.

Siku ya gwaride lake aliwaalika watu wawili, mama yake na mjomba wake. Miaka michache baadaye alivunjika mguu mazoezini, na simu ilikwenda kwa shemeji, kwa sababu kwenye karatasi zake ndiye aliyeandikwa kuwa mtu wa kupigiwa likitokea lolote. Nilipata habari siku ya pili, shemeji mwenyewe akinieleza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Nikamshukuru. Sikumtania.

Sasa nakaribia sabini. Mwanangu anaishi magharibi ya mbali, ana mke na binti. Anampigia mama yake kila Jumamosi, nami nasikia kutoka chumba cha pili, "Msalimie Baba." Mwaka juzi niliomba simu nikamwambia ukweli wote: wivu, mzee mwenyekiti, zamu ya mjomba wake. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba alijua tangu siku ile ile, kwamba hana kinyongo, kisha akaniomba nimrudishie mama yake simu.

Naamini hana kinyongo. Mjukuu wangu ana miaka minne na nimemwona mara mbili; shemeji yangu anakwenda kila kiangazi, naye mtoto anamwita babu. Nilimnyima mwanangu wiki moja ili asiwe wa mtu mwingine, na kwa wiki hiyo nikampoteza.