Kisu Nilichokikaza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo inaniuma. Nilikuwa bibi harusi mpya, nimetoka Sindeni kuolewa Korogwe, na mama mkwe alinikalisha kukwangua mkonge. Kazi yenyewe ni hii: kisu kimefungwa juu ya ubao, unapitisha jani chini yake, unavuta, nyama inabaki nyuma na nyuzi zinatoka. Siku hiyo kamba ya kisu changu ililegea. Kisu kikawa kinapanda kwenye kitako kinene cha jani na kushuka kwenye ncha, na nyuzi zikatoka ndefu, nzima, hazikukatika. Mama mkwe akaniona. Akanichapa mkono, akasema kisu kinachocheza ni cha mwanamke mvivu.

Nikakikaza. Nikakaza na cha kila msichana niliyemfundisha baadaye, na wengine niliwachapa. Sijivunii.

Basi mjukuu wangu Zuhura, naye ni wa kazi hiyo hiyo, akaja kuweka kipande cha mpira wa pikipiki chini ya kisu ili kicheze makusudi. Nilimcheka. Nikamwambia hicho hata mimi ningetengeneza. Akaendelea kufunga mpira wake, nilimlea vizuri.

Akaomba hataza, karatasi ya serikali inayosema kitu hiki kimebuniwa na fulani, mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Wakamkatalia. Barua ikasema ubao unajulikana, kisu kinajulikana, mpira unajulikana, na fundi yeyote wa kazi hiyo angeviunganisha. Wakati huo fundi mmoja wa mjini alikwisha kuanza kuuza visu vya namna hiyo akisema ni akili yake. Zuhura akakata rufaa; akishindwa, amekwisha. Mtoto alikonda hata gauni likamkataa.

Akaniomba niwe shahidi, mimi niliyeishia darasa la nne. Baraza la rufaa lilikaa Dar es Salaam, sisi tukasema nalo kwa kioo cha kompyuta kwenye chumba kimoja cha Korogwe. Nikawaeleza kazi yetu, na kisu changu kilicholegea nikakitaja pia, maana sikwenda kudanganya. Zuhura akainamisha kichwa. Mwanasheria wa ofisi iliyomkatalia akatabasamu.

"Kwa hiyo, bibi, jambo hili ulilijua tangu msichana?"

"Nililiona, baba. Sikulijua. Ningelijua nisingekikaza."

Akasema hata hivyo, ukilitazama, ni jambo rahisi.

"Ukishaonyeshwa, ndiyo," nikamwambia. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wote tulikuwa na ubao, tulikuwa na kisu, na mpira uliotoboka umejaa kila uani. Tungeviunganishaje, na kisu kikicheza tunachapwa?"

Mama mmoja wa baraza akaandika muda mrefu, kichwa chini.

Uamuzi ulipokuja, Zuhura alinisomea mara mbili. Walisema jambo ambalo wenye kazi wote walifundishwa kulikwepa haliwezi kuitwa la wazi. Hataza akapewa. Nilipiga vigelegele barabarani, mtu mzima na magoti yangu haya, majirani wakatoka wakiuliza nani anaolewa. Baada ya siku chache akaja fundi wa mjini, kofia mkononi, kuomba ruhusa. Zuhura akampa kiti kwanza. Mimi nisingempa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Usiseme "hata mimi ningefanya" juu ya kitu ambacho hukukifanya. Kama ungeweza, nani alikuzuia? Na siku mkono wako utakapokosea, kazi ikaenda vizuri kuliko jana, usikimbilie kurekebisha. Kaa hapo uangalie, uulize kwa nini. Mkubwa akikukemea, mwitikie kwa adabu, kisha rudi ukaangalie tena, kwa sababu na sisi wakubwa tulikaziwa visu tukiwa wadogo.

Mungu akupe macho yasiyo na haraka, akupe na wajukuu watakaokushinda akili, na uwe hai siku hiyo upige vigelegele. Amina.