Mkono wa Babu Dirishani

Petroli na udi. Harufu hizo mbili zikikutana popote nilipo, hata iwe kituo cha mafuta na anayepita ni mama aliyejifukiza tu, mimi hurudi kwenye kiti cha nyuma cha gari la Babu Shomari, Bagamoyo, nikiwa bado darasa la tatu. Gari lile likiandaliwa kwenda harusini, Bibi alifungua milango yote, akaweka chetezo chini ya viti na kuliacha lifuke mpaka macho yakatuwasha. Alisema huyo ni mke mwenzake, na mke hatoki bila kunukia. Lilikuwa gari la kale hata kwa watu wazima. Babu alilinunua ujanani kwa mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akihama mji. Usukani wake ulikuwa mpana kama ungo, na viti vya ngozi vilishonwa vikapasuka vikashonwa tena. Mkanda haukuwamo hata mmoja, wala sikujua kwamba magari huwa na mikanda. Mlango wa nyuma wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani. Taa za kuonyesha kona zilikufa kabla baba yangu hajaoa, na Babu hakuzililia, kwa sababu mkono alikuwa nao. Akitaka kukata kulia aliunyoosha nje ya dirisha, kanzu ikipepea, na mtaa mzima ukajua Mzee Shomari anakata kulia.

Mabinti wa Babu, isipokuwa mmoja, walipelekwa kwa waume zao kwa gari hilo, na hakuna aliyerudi. Yule mmoja aliona haya kupakiwa kwenye mkweche, akakodiwa gari jipya kutoka Dar es Salaam, na mwaka haukuisha akarudi na masanduku yake. Bibi hakuhitaji ushahidi mwingine. Kwa hiyo Mfungo Mosi ule, mwezi wa Idi, Shangazi Zuhura, kitinda mimba wao, alipoposwa na mkulima wa mananasi wa Kiwangwa, hapakuwa na la kujadili, mpaka baba yangu alipoanza habari za lami. Barabara ya Kiwangwa ndiyo kwanza ilikuwa imewekwa lami. Zamani za tope, magari mapya yalikwama na gari la Babu likayapita taratibu, mwenyewe akiwasalimu waliokwama. Sasa, Baba alisema, kuna malori na mabasi ya mikoani yanayokimbia kama yanafukuzwa, na gari lile breki zake mpaka uzikanyage mara tatu ndipo zishike, na taa za nyuma haziwaki, anayekuja nyuma hajui kama unasimama au unakwenda. Babu akamjibu kwamba mwenda pole hajikwai. Baba akasema kweli, kwenye lami hajikwai, hugongwa.

Mimi kichwa kilinivurugika. Barabara ilipokuwa mbovu, gari lilikuwa zima. Wameitengeneza barabara, gari hakuna aliyeligusa, sasa inakuwaje gari ndilo limekuwa bovu? Nilimuuliza Bibi akanituma kuchagua mchele. Nilimuuliza Baba, akasema nitaelewa nikikua. Haya, nimekua, na sina hakika kama nimeelewa. Siku ya kumpeleka Shangazi, Baba alitangulia na wageni kwenye gari la kukodi, amenuna. Aliniamuru nipande naye, lakini nilikuwa nimeshajipenyeza kwenye moshi wa udi, kati ya Shangazi na mlango wa kamba, na Bibi akasema mtoto aachwe. Bibi alikaa mbele na Babu, na upande wa pili wa Shangazi alikaa somo wake, yule mama aliyemfunda. Shangazi mwenyewe alifunikwa mtandio uso mzima, na alikwishaonywa asiufunue wala asitoe sauti mpaka kwa mama mkwe.

Njia nzima tulipitwa. Kila lori lililotupita lilisukuma upepo, gari zima likayumba, na Shangazi akanibana mkono. Lakini madereva walipoona maua kwenye boneti walipiga honi za kutupongeza, na Babu, mtu wa adabu, kila aliyepiga honi alimpungia. Sijapata kumwona na furaha kama siku ile. Nami nilipiga magoti juu ya kiti, nikageukia kioo cha nyuma, nikawa napunga pamoja naye, na hakuna aliyenikataza.

Nyumba ya bwana harusi iko upande wa kulia wa barabara. Babu akapunguza mwendo, akaunyoosha mkono. Nyuma yetu lilikuwepo basi, na kwa kuwa niliangalia huko, niliwaona dereva na konda wake wakicheka. Konda akatoa mkono wake dirishani akatupungia. Basi likapiga honi ndefu ya harusi, likatoka kulia kutupita. Babu aliisikia honi, nikamsikia akiitikia, "Ahsanteni, ahsanteni," huku ameanza kuzungusha usukani. Nilidhani ndivyo inavyokuwa, unanyoosha mkono, unaitikiwa, unakata. Hapo Shangazi, aliyesikia muungurumo wa basi ubavuni mwetu, akautupa mtandio na kumshika Babu bega.

"Baba, usikate."

Babu aliurudisha usukani kushoto, akakanyaga breki mara moja, mara mbili, tukatoka barabarani tukaingia majanini. Kamba ya mlango ikakatika. Nakumbuka niliona majani yakikimbia chini yangu pale palipokuwa na mlango, na mkono wa Shangazi wenye hina umenikamata kola kwa nyuma. Kioo cha pembeni upande wa Babu hakikuwepo tena. Basi lilikwenda zake bila kusimama, na abiria wake wote madirishani walikuwa wakitupungia na kutupigia vigelegele. Nami nikawapungia.

Gari liliposimama, Babu hakulizima. Bibi alikuwa akisoma Ayatul Kursiy. Babu aliutazama mkono wake kwanza, kisha akasema polepole, "Nimewaambia nakata kulia. Wakaniitikia."

Shangazi alishuka, akasema atafika kwa miguu. Bibi akasema bibi harusi haonwi akitembea barabarani. Shangazi akatembea. Somo alimfunika mwavuli, mimi nikashika upindo wa gauni, na Babu akatufuata na gari kwa mwendo wetu wa kutembea. Shangazi hajarudi kwao na masanduku mpaka leo. Bibi anasema ni baraka ya gari. Baba anasema ni baraka ya miguu.

Babu ametangulia mbele ya haki, na siku hizi naendesha kigari changu kinachonipigia kelele nisipofunga mkanda. Mwanaidi, binti yake Shangazi, anaolewa, na vijana wa sasa wanayapenda magari ya kale kwa picha, kwa hiyo ameng'ang'ania la Babu, niliendeshe mimi. Fundi ametia mikanda, taa na breki mpya. Juzi nikalijaribu mpaka kona ile ile ya Kiwangwa. Niliwasha taa ya kulia, ikawaka vizuri, lakini mkono wangu, wallahi sijui nani aliutuma, ukatoka dirishani. Nyuma yangu kijana wa bodaboda mwenye tenga la mananasi alicheka, akanipungia, akatoka kulia kunipita. Kwa kuwa nilikuwa namtazama kwenye kioo, sikukata.

Nikarudi Bagamoyo kumweleza Shangazi, aliyekuja kwa Bibi kwa ajili ya harusi. Aliniuliza neno moja tu, "Amekupungia?" Nikamwambia amenipungia. Akamwita binti yake na kumwambia gari atapiga nalo picha hapa uani, likiwa limesimama, na kwa mumewe atakwenda na langu. Mwanaidi alilia. Bibi, ambaye hasikii vizuri tena, akauliza saa ngapi tunaondoka na mke mwenzake. Nikachukua chetezo, nikafungua milango yote minne nikalifukiza udi, na moshi ulipojaa vitini nikashindwa kujua kama namfukiza bibi harusi au maiti.